Ukijitoa, Nani Atakupa Habari za Msiba?

Kufuta akaunti ya Facebook hakuhitaji utaalamu. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta sehemu ya umiliki wa akaunti, unaandika nywila, unathibitisha. Kuanzia hapo kampuni inakupa siku 30 za kughairi. Ukirudi ndani ya siku hizo, unakuta kila kitu kama ulivyokiacha. Zikipita, kazi yenyewe ya kufuta inaweza kuchukua hadi siku 90. WhatsApp ni rahisi zaidi: unaandika namba yako, unakubali, imekwisha. Mtu akiniambia ameshindwa kujitoa kwa kuwa hajui pa kubonyeza, nitamwonyesha kabla chai haijapoa. Lakini watu ninaowajua mimi hawakukwama hapo.

Wamekwama kwenye misiba. Kwa familia nyingi za mjini, habari ya kifo, nyumba ya kukutania, saa ya mazishi, gari la kwenda kijijini linaondokea wapi, nani anashughulikia jeneza na nani anashughulikia chakula, yote yanapita kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, tena yanapita kwa kasi. Waliokuwa watu wazima enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka matangazo ya vifo yalivyosikilizwa. Watoto walinyamazishwa, majina yakasomwa, na jirani asiye na redio akaambiwa na mwenye nayo. Tangazo lile lilimfikia mhusika bila kumdai ajiandikishe popote. Sasa ni wachache wanaofikiria kumpigia simu ndugu mmoja mmoja. Taarifa imeshawekwa kwenye kundi, anayehusika yumo, asiyekuwemo, shauri yake.

Kwa hiyo nachoka ninaposikia kujitoa kunazungumzwa kana kwamba ni suala la kuwa na msimamo. Huo ni ushauri wa mtu ambaye mtandao kwake ni burudani ya jioni. Tunaoishi huku tumeweka humo vikao vya harusi, vikoba, wazazi wa darasa la tatu, waumini wa jumuiya, wapangaji wa nyumba moja, na mteja anayeuliza kama kitambaa cha bluu bado kipo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa takriban saa sita, wafanyabiashara wanaouza kwa picha walikaa na mzigo mikononi bila njia ya kumpata mnunuzi.

Wala hatukufika humo kwa bahati. Mwaka 2014 Facebook iliungana na Tigo hapa Tanzania na Airtel kule Kenya kuleta Internet.org, mpango uliomwezesha mwenye simu kuingia Facebook na kurasa chache nyingine bila kulipia. Hadi leo kuna mabando yanayouzwa kwa ajili ya mitandao ya kijamii peke yake, kwa bei ambayo intaneti nzima haipatikani. Mtu mwenye shilingi mia tano anakwenda panapofika shilingi mia tano. Amewakuta watu wake huko, na kwa kuwa watu wake wako huko, wengine wakafuata.

Hata wenye nyumba waliwahi kuona kwamba pana shida. Jan Koum alikulia Ukraine enzi za Kisovieti, na ameeleza jinsi watu wa nyumbani kwao walivyokwepa kusema mambo ya maana kwenye simu kwa kuhofia masikio ya serikali. Yeye na Brian Acton walianzisha WhatsApp mwaka 2009 wakiwa na nia ya kuendesha huduma isiyo na matangazo na isiyochimba habari za mtumiaji. Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19, na watumiaji wakahakikishiwa kwamba faragha yao haitaguswa. Agosti 2016 sera ikabadilika, namba za simu zikaanza kupelekwa Facebook. Mei 2017 Kamisheni ya Ulaya ikaitoza Facebook faini ya yuro milioni 110, kwa sababu wakati wa ununuzi ilieleza kwamba haiwezi kuziunganisha akaunti za pande mbili kwa uhakika, ilhali wafanyakazi wake walijua kwamba jambo hilo linawezekana. Acton akaondoka mwaka huohuo, na Machi 2018 akawaambia watu hadharani waifute Facebook. Koum naye akaondoka mwaka 2018. Acton alikuwa ameshatoa dola milioni 50 kuanzisha wakfu wa Signal, huduma ya ujumbe isiyolenga faida.

Waasisi wote wawili wametoka, sisi tumebaki. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Nataka tu ionekane kwamba aliyeweza kuondoka ni yule aliyekuwa na uwezo wa kujenga pengine, na hata yeye hakuweza kuondoka na watu.

Lazima niseme pia lililo jema. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani, na hiyo ni kinga ya kweli, hasa kwa waandishi wa habari na mawakili. Kinachobaki wazi ni vile vitu vinavyoonekana vidogo: nani anawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, yumo kwenye makundi yapi, na namba zipi zimo kwenye simu yake ikiwa ameruhusu zisomwe. Ukijua kwamba mtu fulani amezungumza na daktari wa saratani usiku, kisha na dada yake, kisha na mtu wa bima, huhitaji kusoma walichoandikiana.

Januari 2021 simu zetu zilipoonyesha ujumbe wa kutaka tukubali masharti mapya, taharuki ilikuwa kubwa. Tulipewa hadi tarehe 8 Februari, kisha ikasogezwa hadi 15 Mei. Wengi waliamini kwamba sasa kila wanachoandika kitasomwa, na hilo halikuwa kweli. Mabadiliko yalihusu zaidi mazungumzo kati ya mtumiaji na wafanyabiashara. Watumiaji wa Ulaya waliwekewa maelezo yao tofauti na yetu, kwa kuwa wao tayari walikuwa na sheria yenye meno. Hata hivyo naona waliotaharuki waliliona jambo la msingi. Uliwekewa kitufe kimoja cha kukubali, na ukoo wako mzima ulikuwa nyuma ya kitufe hicho.

Kwenye ukoo wetu, binamu mmoja anayefanya kazi za kompyuta alifungua kundi la Signal wiki ileile. Alitueleza kwa upole na kwa subira, akawafuata wakubwa nyumbani kwao kuwawekea programu kwenye simu. Vijana walihamia, na shemeji zetu wawili watatu. Kwa siku kadhaa kulikuwa na salamu za asubuhi kule na salamu za asubuhi huku. Kisha baba mkubwa mmoja akalazwa ghafla, na aliyekuwa hospitali akaandika pale ambapo kidole chake kilizoea kuandika, kwenye kundi la zamani. Hakuna aliyeamua kurudi. Ni kwamba mgonjwa alikuwa anaulizwa kule, na asingeweza kuulizwa mahali pawili. Kundi la Signal halijafutwa hadi leo; ujumbe wake wa mwisho ni wa binamu mwenyewe, anauliza kama kuna mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia kwa makini tunachofanyiana wenyewe. Nichukue orodha ya michango, ambayo kila msomaji wa Tanzania ameiona. Juu kabisa imeandikwa shughuli kwa herufi kubwa, kisha namba ya mweka hazina na jina linalotokea ukimtumia pesa. Chini yake yanafuata majina kwa namba: Baba Fulani 50,000, alama ya vema; Mama Fulani 30,000, alama ya vema; mwingine 100,000, pembeni imeandikwa ahadi. Kila anayetuma ananakili orodha nzima, anaongeza mstari wake, anairudisha kundini. Kwa siku nzuri orodha hiyo inapanda mara ishirini. Zamani mambo haya yalikaa kwenye daftari la mweka hazina, na aliyetaka kuyaona alimfuata nyumbani akaonyeshwa. Wazee wawili watatu walijua nani hana, wakanyamaza, na wakati mwingine wakamlipia.

Sasa fikiria mpwa wetu mmoja, kijana mwenye adabu, ambaye jina lake lilikaa na neno ahadi kwa wiki kadhaa. Orodha ilipanda na kupanda, majina ya juu na ya chini yake yakapata alama, lake likabaki. Hakuna aliyemsema. Hakukuwa na haja, maana kila mtu aliyefungua simu asubuhi aliliona. Siku moja akajitoa. "Kaleft," mtu akaandika kwenye kundi dogo la mabinamu, na hapo ndipo wengi wetu tukajua kwamba alikuwa ameachishwa kazi tangu mwanzo wa mwaka. Mwaka 2022 WhatsApp iliwezesha mtu kuondoka kimyakimya, admini peke yao ndio wanaojulishwa. Lakini yeyote anayefungua taarifa za kundi anaweza kuona orodha ya walioondoka ndani ya siku 60. Kwa kijana yule kimya hicho hakikumsaidia chochote. Kwenye ukoo, kutoonekana nako kunaonekana.

Alichopoteza mpwa huyu hakikuchukuliwa na kampuni yoyote ya California. Ni hali yake ya fedha, iliyowekwa mbele ya shemeji na wakwe, na sisi tulioiweka tuna mapenzi naye. Huwa tunaogopa macho ya mbali, tena kwa haki, na wakati huohuo tunatumia chombo ambacho hakijui tofauti kati ya jambo la watu watatu na jambo la watu mia mbili. Daftari lilikuwa na ukurasa unaofungwa. Chombo hiki kimetengenezwa ili kila kilichoandikwa kimfikie kila aliyemo na kibaki kwenye simu ya kila mmoja.

Kisa cha shangazi yangu ndicho kinachoniumiza zaidi. Alifanyiwa upasuaji, na siku ya pili mmoja wa vijana waliokwenda kumwona akampiga picha kitandani na kuituma kundini ili watu wajue anaendelea vizuri. Nia ilikuwa njema kabisa. Kwenye picha shangazi amelala mdomo wazi, kitenge kimeteleza begani, mpira wa mkojo unaonekana, na kwenye kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, ukikuza picha, unasoma jina lake na wodi. Zikafuata dua na pole kwa makumi. Alipopona na kurudi nyumbani, mjukuu wake akamwonyesha jinsi watu walivyomwombea, na hapo akaiona. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nani aliwaruhusu waniangalie vile?"

Tulijaribu kuifuta. Aliyetuma anaweza kuifuta kwa wote ndani ya muda wa zaidi kidogo ya siku mbili, na muda huo ulikuwa umepita zamani. Admini wetu akaiondoa kwenye kundi baadaye, lakini simu nyingi zimewekwa zihifadhi picha zenyewe kwenye albamu, na nyingine zinazipeleka moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha ile imo, pamoja na picha za sherehe na risiti za luku, kwenye simu za watu ambao wameshasahau kwamba wanayo.

Na shangazi anatumia kitochi. Hajawahi kuwa na WhatsApp, hajawahi kuwa na Facebook, hajawahi kubonyeza kitufe cha kukubali masharti ya mtu yeyote. Yeye hana pa kujitoa, kwa sababu hakuingia. Tumemwingiza sisi, kwa picha, kwa jina, na kwa namba yake iliyomo kwenye kitabu cha simu cha kila mmoja wetu. Aprili 2018 Mark Zuckerberg alipohojiwa na Bunge la Marekani alikiri kwamba Facebook hukusanya taarifa za watu wasio na akaunti, akisema ni kwa sababu za usalama. Wabunge walishtuka. Kwa mtu wa nyumbani kwetu hilo lisingeshangaza akiwaza tu kitabu cha simu kina majina ya nani.

Kisa kikubwa cha miaka ile, cha kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica, kilikuwa cha namna hiyohiyo. Watu wapatao 270,000 walijaza maswali ya kujipima tabia kupitia programu moja ya Facebook, na kupitia kwao zikachukuliwa taarifa za marafiki zao, hadi Facebook ikakadiria kwamba walioguswa wangeweza kufika milioni 87. Karibu wote hawakujaza swali hata moja. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwarekodi kwa siri wakuu wa kampuni hiyo wakijivunia kazi yao kwenye kampeni za urais za Kenya za 2013 na 2017. Wapiga kura wa Kenya wakajua kwamba walikuwa wamesomwa, na kwamba hakuna aliyewaomba ruhusa.

Wakopeshaji wa mtandaoni wamelijua hili vizuri kuliko sisi. Programu inaomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu kabla ya kutoa mkopo, na siku ya kuchelewa kulipa, mama mkwe na bosi wanapokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za aina hii zinazofanya kazi bila leseni. Aliyekopa alikubali. Mama mkwe hakukubali lolote.

Sheria zipo, na ni za kushukuru. Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 16, inalinda maisha ya mtu ya faragha na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Wakenya wana sheria yao tangu 2019, na ofisi ya kamishna wao imekwisha kuonyesha makali: Septemba 2023 ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa Roma School kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi, shilingi 1,850,000 kwa baa ya Casa Vera iliyoweka picha ya mteja wake, na shilingi 2,975,000 kwa mkopeshaji wa mtandaoni, Mulla Pride. Nilifurahi niliposoma habari ya ile shule. Mzazi anayekataa picha ya mwanawe kwenye ukurasa wa shule huonekana mkorofi, na hapa mamlaka imesema ana haki.

Ila sheria haitaingia kwenye kundi la ukoo. Ile ya Kenya inatamka kwamba haigusi shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake, na sitaki nchi ambayo polisi anakagua mazungumzo ya mabinamu. Lile la shangazi ilibidi tulimalize wenyewe. Kikao kilikuwa kirefu na si wote walioridhika. Tulikubaliana mgonjwa asipigwe picha, habari zake ziandikwe kwa maneno, tena baada ya yeye au wanawe kusema ni habari zipi. Kuhusu michango, mweka hazina alitaka orodha ibaki kwa kuwa inamlinda asishukiwe kula hela, na hoja yake ina uzito. Tukaishia kutangaza jumla iliyopatikana kila jioni, na kila mchangaji kupewa risiti yake pembeni. Baba mdogo mmoja bado anasema bila orodha watu hawatoi. Huenda anasema kweli, na kama ni kweli basi tulikuwa tunachangishana kwa aibu.

Lililo nje ya uwezo wa kikao cha ukoo ni lile la yule binamu na kundi lake la Signal. Yeye hakukosea popote. Alikuwa na sababu nzuri, chombo kizuri na subira, na bado alilazimika kuchagua kati ya faragha yake na baba mkubwa hospitalini. Uchaguzi huo si wa lazima kimaumbile. Kwenye simu za kawaida, tarehe 1 Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliruhusu mteja wa simu kuhama mtandao bila kubadili namba. Na hata kabla ya hapo, mwenye laini ya Airtel alimpigia mwenye laini ya Vodacom, na hakuna aliyeona ajabu. Hebu fikiria mama angelazimika kununua laini ya kampuni ileile aliyonayo mwanawe ndipo amsikie sauti. Tusingekubali kwa siku moja. Kwenye ujumbe wa intaneti tumekubali hivyohivyo.

Umoja wa Ulaya umeanza kulikataa jambo hilo. Tangu Machi 2024 sheria yao ya masoko ya kidijitali inaitaka WhatsApp ifungue njia ili huduma nyingine za ujumbe zikiomba ziweze kuwasiliana na watumiaji wake, bila kuondoa ile kinga ya kutosomwa njiani. Wahandisi wanasema ni kazi ngumu, na wapo watetezi wa faragha wenye wasiwasi kwamba kuunganisha huduma mbili kutaiacha ile dhaifu ikiangusha ile imara. Hoja hizo zisikilizwe. Lakini ugumu wake ni wa aina ambayo wahandisi hulipwa kuutatua, na wateja wanaofaidika hawapaswi kuwa Wazungu peke yao wakati sisi ndio tuliohamishia humo hadi mazishi.

Kwa soko la nchi moja, kampuni kubwa kama inayomiliki WhatsApp inaweza kutupuuza. Kwa soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, ambako namba ya simu ndiyo kitambulisho cha biashara, cha benki na cha undugu, itakuwa vigumu zaidi kutupuuza. Kwenye kuhama mtandao wa simu Kenya ilianza Aprili 2011 na sisi tukafuata karibu miaka sita baadaye. Kwa hili TCRA, Tume yetu ya taarifa binafsi na wenzao wa Nairobi na Kampala wanaweza kukaa meza moja kuanzia sasa, na ajenda ya kwanza iwe haki ya mtu kuhamia huduma anayoiamini na bado akapokea ujumbe wa nduguze walioko kwingine.